Msumeno Mdogo na Mkaratusi wa Bibi Nyamizi

Jumapili, 7 Oktoba 1984
Upepo umewahi mwaka huu. Padre hajamaliza mahubiri, mabati ya kanisa yakaanza kupiga kelele, na mimi nikaacha kusikiliza nikawa nawaza mti wetu. Tulipotoka misani nilitangulia nyumbani mbio. Mkaratusi ulikuwa bado umesimama, lakini umezidi kuinamia kibanda cha mama mkwe. Chini, upande wa nyuma, udongo umepasuka, na mchwa wanatoka kwenye ufa kama wako kwao.

Bibi Nyamizi alikuwa amekaa mlangoni pake anachambua karanga kwa vidole. Macho yake hayaoni tangu Kamili, mwanangu wa kwanza, akiwa shule. Nikamwambia tena ahamie nyumba kubwa.

"Mkamwana," akasema, "humu najua mtungi ulipo, kitanda kilipo, mlango ulipo. Huko kwenu nitakuwa gunia. Mtanibeba kunitoa, mtanibeba kunirudisha."

"Lakini mti, mama."

"Mti aliupanda mume wangu. Hauwezi kuniua."

Mume wangu Telesphori alisikia, akainamisha kichwa. Hawezi kumlazimisha mama yake. Hajawahi.

Jumanne, 9 Oktoba
Leo Telesphori amechukua shoka. Tangu avunjike nyonga kwa kuanguka kwenye mkokoteni, mguu wa kushoto haumsimamishi vizuri, lakini ukimwambia hivyo unamtukana. Akapiga pigo la kwanza, la pili. Kwa pigo la tatu mti mzima ukatetemeka hadi juu, ukalia kama mlango wa zamani, na udongo ukaporomoka kwenye ule ufa. Sote tukakimbia, hata kuku.

"Shoka linautikisa," akasema huku anahema. "Tukiendelea tutauangusha wenyewe juu ya mama."

Wakata kuni wawili wa jirani walikuja kutazama jioni, wakaondoka bila kukaa.

Jumatano, 10 Oktoba
Jua kali. Nimepalilia shamba la mihogo.

Jumamosi, 13 Oktoba
Amekuja mtu anaitwa Nkwabi, Msukuma wa Kishapu anayeangusha miti ya mbao huko msitu wa Runzewe. Ana msumeno wa moto, ule wenye injini na mnyororo wa meno. Mtu wa maneno huyu! Alikunywa chai yetu yote akisimulia miti aliyoiangusha.

"Kwetu Kishapu mti ni kitu cha kusimuliwa," akasema. "Nilivyofika huku nikaona miti imesimama bure, nikasema sasa nitalipiza kisasi."

Hata Bibi alicheka. Nkwabi akauzunguka mkaratusi, akaugonga kwa kiganja, akasema, "Mama Kamili, huu ni kazi ya asubuhi moja. Jumatatu niko hapa."

Jumatatu, 15 Oktoba
Nkwabi hakuja.

Jumatatu, 22 Oktoba
Hakuja. Nimemtumia salamu kwa dereva wa lori la mbao. Jibu: anaumwa kidogo, atakuja. Nilimwambia Telesphori kwamba mtu mwenye maneno mengi hivyo mikono yake lazima iwe mifupi. Telesphori hakucheka.

Jumamosi, 27 Oktoba
Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo ikanipendeza, halafu nikakumbuka mti, utamu ukaisha. Nimelala kibandani kwa Bibi ili kama ni kufa tufe wawili. Anakoroma.

Jumamosi, 3 Novemba
Telesphori ameamua. Tutanunua msumeno wetu wenyewe. Dume letu jekundu limeshauzwa kwa wachinjaji, na mwaka huu wafanyabiashara wameanza kuleta vitu kutoka nje. Wanasema Ngassa wa Kahama anayo misumeno dukani.

"Atautumia nani?" nikauliza.

"Mimi."

"Na nyonga?"

"Msumeno unashikwa kwa mikono, Mama Kamili. Siushiki kwa nyonga."

Kamili angekuwepo angekata yeye, lakini yuko Nyarugusu anafukua dhahabu, na tunajua yuko hai kwa salamu za watu tu.

Alhamisi, 8 Novemba
Tumerudi kutoka Kahama na mwili umechoka, lakini siwezi kulala kabla sijayaandika haya.

Duka la Ngassa limebadilika. Mwaka jana ungekuta chumvi na viberiti, na sabuni ukibahatika. Leo kuna vitambaa, redio, na pembeni, juu ya meza, misumeno miwili. Mmoja mkubwa, ubapa wake unaobeba mnyororo ni mrefu kama mkono wa mtu mzima, rangi imechubuka. Wa pili mdogo, mpya. Mtu angeweza kudhani mkubwa umeuzaa.

Telesphori hakuutazama mdogo hata mara moja. Aliuendea mkubwa akauinua. Niliona mguu wa kushoto ukicheza. Jasho likamtoka puani, lakini anatabasamu.

"Huu ndio msumeno," akasema.

"Umetumika, lakini ni imara," Ngassa akadakia. "Wa mtu wa msituni. Amenipa nimuuzie. Ule mdogo ni wa kupogolea miti ya bustani, Mzee. Wazungu wanakatia maua."

Mimi nikaunyanyua huo wa maua. Ulikuwa na uzito wa ndoo ya maji iliyojaa nusu, na ndoo nimezibeba tangu nikiwa mtoto. Nikauliza unakunywa petroli kiasi gani. Ngassa akacheka, akasema hakuna mwanamke aliyewahi kumwuliza hilo. Nikamwambia ajibu basi. Akasema mdogo unakunywa robo ya mkubwa. Nikamtazama Telesphori: petroli yenyewe ni ya kibali, watu wanalala foleni na madebe yao. Akajifanya hakusikia.

"Tunachukua huu," akasema, mkono juu ya mkubwa.

Hapo akaingia Nkwabi.

Nilitaka kumsema pale pale, na maneno nilikuwa nayo ya kutosha. Yeye alipotuona akasimama mlangoni kama mtu aliyekamatwa. Akaamkia, "Shikamoo Mzee, shikamoo mama," kwa sauti ndogo. Ngassa akafurahi: "Mwenye mali huyu hapa! Nkwabi, msumeno wako umepata mtu."

Kumbe ule mkubwa ni wake.

Ngassa akaagiza chai ili biashara ifungwe vizuri. Nkwabi akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakiinua, na kikamponyoka. Chai ya moto ikamwagika mapajani mwake. Hakuruka. Alikuwa anavitazama vidole vyake, navyo, nikiapa kwa Mungu, vilikuwa vyeupe, vyeupe kama vya maiti, na asubuhi ile ya mvua haikuwa hata na baridi ya kutisha.

"Vinakufa ganzi," akasema. "Kwanza viwili, sasa vyote. Ni mtetemo. Miaka yote hiyo ukiushikilia mnyama yule anakutikisa hadi mifupa, jioni unadhani ni uchovu. Mama Kamili, sikuja kwako Jumatatu kwa sababu Jumapili msumeno uliniponyoka ukiwa unawaka. Ulipita hapa." Akaonyesha goti, suruali imeshonwa upya. "Nikaona nikija kwenu na mikono hii, chini ya mti ule, na bibi yupo ndani... nikaona aibu kusema."

Telesphori akauliza, na nilijua moyo wake bado uko kwenye ule msumeno, "Lakini mashine yenyewe ni nzima?"

Nkwabi alimtazama. Ana mke na watoto Runzewe, na kazi ameshaikosa. Angesema "nzima" angerudi kwake na fedha. Ngassa alikuwa anamkonyeza waziwazi.

"Nzima, Mzee. Lakini usiuchukue. Ni wa mtu anayekata kutwa, mwenye miguu miwili ya kusimamia. Wewe ukiuwasha utakuangusha, na ukianguka nao hautakuchagulia pa kukukata. Chukua mdogo. Una breki hii hapa mbele. Ukirushwa, mkono unagusa, mnyororo unasimama. Kamba yake inavutika hata na mtu aliyekaa. Mti mnene utaukata pande mbili badala ya mmoja. Utachelewa, lakini utarudi nyumbani mzima."

"Nkwabi!" Ngassa akasema.

"Niache, Ngassa. Nimeshawahi kuuza mbao mbovu, ila hili hapana."

Telesphori bado alikuwa na mkono juu ya chuma. Halafu akauondoa. Tumenunua mdogo. Njiani kwenye lori nilitaka kusema neno juu ya Nkwabi, na yale yote niliyokuwa nimemfikiria, lakini nikasema tu kwamba barabara ni mbaya.

Jumamosi, 10 Novemba
Majirani wamekuja kuona. Mmoja akauita kisu cha mkate. Telesphori ameuweka chini ya kitanda ili usionekane.

Jumatano, 14 Novemba
Hakuna petroli Ushirombo nzima. Tunapanda mahindi.

Jumanne, 20 Novemba
Nkwabi amekuja kwa miguu tangu njia panda, na chupa ya bia imejaa petroli aliyoiomba kwa dereva. Nilimpikia kuku. Hakuamini.

Akatuonyesha kila kitu mbele ya gogo: oili ya kuchanganya, namna ya kukaza mnyororo usilegee, miguu ipanuke, ncha ya ubapa isiguse kitu kwa sababu hapo ndipo unaporuka kukufuata usoni. Telesphori akauwasha. Ulilia vizuri. Akainama kukata, uzito ukahamia mguu mbovu, akaenda chini. Breki ilishika; mnyororo ukasimama kabla hajafika ardhini. Alijaribu tena, akaanguka tena. Mara ya tatu Nkwabi alimshika mkono kwa upole.

"Mzee. Basi."

"Kata wewe."

"Mimi siusikii hata kama nimeushika."

Wakatazamana wanaume wawili, mmoja hana mguu na mwingine hana mikono, kisha wote wakanitazama mimi niliyekuwa nimeshika sufuria.

Nilikata gogo lile. Vibaya, mshazari, macho nusu nimeyafumba, lakini lilikatika. Nkwabi akapiga kelele za furaha kwa Kisukuma. Nilipogeuka, Telesphori hakuwepo. Alikuwa ameenda kuwafungulia ng'ombe, na haikuwa saa ya kuwafungulia.

Alhamisi, 22 Novemba
Telesphori anakula na kunyamaza.

Jumapili, 2 Desemba
Nimefanya mazoezi kwenye magogo kila nikipata nafasi. Mkaratusi wenyewe Nkwabi amesema tusiuguse mpaka awepo, tufunge kamba na ng'ombe wauvute upande wa shamba. Ameahidi baada ya Noeli, ardhi ikikauka kidogo. Nimemwuliza Telesphori kama amekasirika. Akasema, "Nimkasirikie nani?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalouliza. Akasema wanaume wa kilabuni wanamwuliza kama siku hizi anapika.

"Ukawajibuje?"

"Nikaondoka."

Jumatano, 5 Desemba
Mvua. Mvua. Bibi bado hataki kuhama.

Alhamisi, 13 Desemba
Naandika ya jana, polepole.

Mchana mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Runzewe. Nilikuwa jikoni. Upepo ulikuja kabla ya mvua, wa kuzunguka, ukaninyang'anya hata ungo. Nikasikia mpasuko. Nilifikiri ni radi, kumbe ni tawi kubwa la mkaratusi, lile la chini lenye unene wa kiuno cha mtu, limekatika na kuanguka juu ya kibanda cha Bibi. Paa la nyasi lilikuwa limelala. Ukuta wa mbele umeporomoka, na mlango wote umejaa matawi na majani.

Telesphori alifika kabla yangu, sijui kwa mguu gani. "Mama! Mama!" Akaanza kuvuta matawi kwa mikono mitupu. Kila tawi kubwa liliposogea, paa nalo lilishuka.

Kutoka ndani ikaja sauti, ndogo lakini yenyewe. "Telesphori, acha kutikisa. Unanimwagia udongo."

Alianguka magotini akalia kama mtoto. Mimi nilikimbilia msumeno chini ya kitanda chetu.

Kwenye chupa petroli ilikuwa imebaki kidogo, haifiki nusu kikombe. Niliitia yote. Kamba niliivuta mara nyingi bila kuwaka, mikono yangu imelowa. Nikasema, "Bikira Maria, huu ni wa maua tu, mama yangu, uwashe." Ukawaka.

Sasa Telesphori akafanya jambo ambalo sitalisahau. Hakuniambia nimpe msumeno. Alijifuta uso, akalala kifudifudi matopeni karibu na ufa wa ukuta, akaingiza mkono na kichwa mpaka mabegani. Akaanza kuzungumza na mama yake, kisha na mimi, kwa zamu, kwa kupaza sauti juu ya ule mlio.

"Mama, uko upande gani wa kitanda?"

"Wa mtungi. Bega langu limebanwa."

"Lukresia! Yuko kulia kwako, chini! Anza kushoto, vitawi kwanza!"

Aliniita jina langu. Tangu Kamili azaliwe hajaniita hivyo.

Nilikata vitawi. Upenyo nilioufungua ulikuwa mdogo kama mlango wa banda la mbuzi. Niliingia kwa magoti, msumeno mbele ya kifua, na kila nilipokata Telesphori alivuta nje kwa mkono mmoja. Nikafika kwenye lile kubwa. Nikakumbuka Nkwabi: tawi lililojipinda limebeba hasira, kata kidogo upande uliobanwa, kisha upande uliovutika, na usisimame linapotaka kwenda. Nilikata kidogo. Nilipohamia upande wa pili tawi likasogea, likaubana ubapa, injini ikazima. Nikahisi moyo umezima nayo.

"Umebanwa!" nikapiga kelele.

"Ngoja!" Telesphori akatoka ufani, akaingiza mpini wa jembe chini ya tawi, akajitundika juu yake kwa uzito wake wote, mguu mbovu unaning'inia. Ubapa ukaachia. "Haraka, sitaweza kukaa hapa siku nzima!"

Na ndani, Bibi akauliza, "Huo mlio wa nini? Mmeleta pikipiki ndani ya nyumba yangu?"

Nilicheka huku nalia, nikavuta kamba. Uliwaka. Tawi lilipoachana liliruka kando na kunipiga paja. Nina alama nyeusi kama sahani. Nikawa nimemwona Bibi: kichwa chake cheupe, udongo kila mahali, mkono mmoja ameshika mtungi. Mtungi ulikuwa mzima. Msumeno ukakohoa, ukazima wenyewe. Petroli ilikuwa imeisha. Hatukuuhitaji tena.

Mfupa wa bega umevunjika. Bruda Eustace wa zahanati ya misheni amemfunga, anasema ataishi kuliko sisi sote kwa jinsi anavyogomba.

Jumapili, 16 Desemba
Bibi yuko chumba cha Kamili. Telesphori amefunga kamba kutoka kitandani kwake hadi mlangoni, na nyingine hadi chooni, ili aifuate kwa mkono bila kumwita mtu. Ameizungusha nyumba yote kamba. Tunaikwaa sisi tunaoona.

"Sasa mimi ni gunia lenye njia," Bibi akasema. Lakini asubuhi aliifuata mpaka jikoni peke yake, akaniomba moto wa kiko.

Jumanne, 25 Desemba
Noeli. Mvua. Nyama ya mbuzi. Kamili hakuja, ametuma salamu, na shati kwa baba yake.

Jumamosi, 12 Januari 1985
Nkwabi alikuja na mke wake, na chupa mbili za petroli. Kamba, ng'ombe wanne, Telesphori akiwaongoza. Nkwabi alikaa juu ya kinu akipiga kelele kama refa: "Inua kiwiko, mama! Pumzika! Sasa upande wa pili!" Nilikata upande huu, nikazunguka, nikakata ule. Kazi aliyoiita ya asubuhi moja ilichukua hadi adhuhuri. Mti ulianza taratibu, ukaenda shambani, na ardhi ikaruka.

Bibi aliomba apelekwe. Akaupapasa kuanzia kisiki mpaka pale ganda linapokuwa laini. Tulimwacha peke yake. Aliporudi alisema tu kwamba kuni za mkaratusi zina moshi mwingi, tuziuze.

Jumapili, 20 Januari
Tumekubaliana na Nkwabi: yeye atafute kazi za kupogoa na kukata miti ya nyumbani, asimamie, anoe mnyororo kwa tupa, kazi ambayo vidole vyake bado vinaiweza wakati wa joto, mimi nikate. Mdomo wake utatufaa. Nilimwambia hivyo, akafurahi, akaongea mpaka jioni.

Jumanne, 29 Januari
Nimemkatia Eufrasia, mwalimu wa shule, mwarobaini uliokuwa unaziba dirisha lake. Wanafunzi walijaa kutazama. Miguu iliniuma.

Jumamosi, 9 Februari
Mahindi yamebeba. Leo asubuhi nilikuwa ndani nafunga viatu vya Kamili, ndivyo ninavyofanyia kazi, nikasikia mgeni anapiga hodi. Mwanaume, sauti nzito, ametoka Lyambamgongo na baiskeli.

"Namtafuta fundi wa msumeno. Nimeelekezwa hapa. Ndiye wewe, Mzee?"

Nilisimama na kamba ya kiatu mkononi. Nikamwaza Telesphori pale kwenye kigoda, na wanaume wawili wa kilabuni waliokuwa wamekuja kuazima jembe, nao wanasikiliza.

"Hapana," akasema Telesphori. "Mimi ni mume wake. Kaa hapo, unywe maji. Fundi anavaa viatu."